Namna ya Kuchunguza Asili, Maana na Umaarufu wa Jina la Kike Lisilo la Kawaida: Mfano wa Imogen

Mtu anayetafuta maana ya jina la kike lisilo la kawaida hukutana upesi na orodha ndefu ambamo kila jina limewekewa neno moja au mawili ya maelezo, bila kutajwa ni nani aliyelieleza hivyo wala kwa ushahidi gani. Kwa majina yaliyozoeleka upungufu huo hauleti madhara makubwa, kwa kuwa historia yake imeandikwa na wengi na makosa hugunduliwa mapema. Kwa majina adimu hali ni tofauti: orodha moja hunakili nyingine, na kilichokuwa dhana ya mtu mmoja hurudiwa mpaka kikaonekana kuwa ukweli usio na shaka. Mwongozo huu unaeleza namna ya kulichunguza jina la aina hiyo kwa utaratibu, na mfano utakaotumika ni Imogen, jina la Kiingereza ambalo ushahidi wake umehifadhiwa vizuri kiasi cha mtu yeyote kuufuata mwenyewe.

Kanuni ninayoisisitiza kuliko zote ni ya mpangilio wa kazi. Watu wengi huanza na swali la maana, wakaridhika na jibu la kwanza, na hapo uchunguzi ukaisha. Swali la kwanza linapaswa kuwa la asili: jina hili liliandikwa wapi kwa mara ya kwanza, lini, na kwa tahajia gani? Maana iliyotajwa kabla ya swali hilo kujibiwa haina msingi wa kusimamia, hata ikiwa inapendeza namna gani.

Kukusanya tahajia

Kabla ya kufungua kamusi au rejista yoyote, andika tahajia zote za jina unazoweza kuzipata pamoja na matamshi yake. Imogen, ambalo g yake hutamkwa kama j, lina maumbo kadhaa yanayofanana nalo. Kuna Imogene, umbo lililopendwa zaidi Marekani na ambalo silabi yake ya mwisho huvutwa. Kuna Imogine, iliyoonekana katika shairi moja ndani ya riwaya ya Matthew Lewis iliyochapishwa mwaka 1796. Na kuna Innogen, ambalo ndilo litakalobeba sehemu kubwa ya maelezo yanayofuata. Kazi hii ya awali si ya kupuuzwa. Makarani wa zamani waliandika majina kama walivyoyasikia, na taasisi za takwimu za leo huhesabu kila tahajia kama jina linalojitegemea, kwa hiyo anayetafuta kwa tahajia moja tu huenda akakosa nusu ya ushahidi.

Kutafuta andiko la kwanza

Kamusi ya majina inayofaa ni ile inayotaja mwaka na mahali jina lilipoandikwa, kwa kuwa msomaji anaweza kurudi kwenye andiko lenyewe na kulihakiki. Kamusi inayotoa maana peke yake itumike kama dokezo tu. Baada ya kamusi zinafuata rejista. Nchini Uingereza, mwaka 1538 Thomas Cromwell aliagiza kila parokia iwe na kitabu cha kuandikia ubatizo, ndoa na maziko, na vingi kati ya vitabu hivyo vimenakiliwa na vinaweza kutafutwa kwa jina. Usajili wa kiserikali wa vizazi, ndoa na vifo ulianza Uingereza na Wales tarehe 1 Julai 1837, na Uskoti mwaka 1855. Kwa upande wa Marekani, sensa ya mwaka 1850 ndiyo ya kwanza kuorodhesha kwa jina kila mtu huru aliyeishi katika nyumba; kabla ya hapo ni mkuu wa kaya peke yake aliyetajwa, kwa hiyo majina ya wanawake na watoto hayaonekani kwa wingi katika kumbukumbu hizo.

Chanzo cha tatu, ambacho kwa majina adimu ya kike mara nyingi ndicho muhimu kuliko vyote, ni fasihi. Ukiona jina limeonekana katika tamthilia, shairi au riwaya kabla halijaonekana katika rejista za ubatizo, una sababu nzuri ya kushuku kwamba mwandishi ndiye aliyelibuni, au alilifufua, au alilipa umbo jipya.

Imogen ni mfano bora wa hali hiyo. Umbo hili linatokana na tamthilia ya Shakespeare iitwayo Cymbeline, ambayo haikuchapishwa wakati wa uhai wake. Shakespeare alifariki mwaka 1616, na tamthilia hiyo ikatokea kwa mara ya kwanza katika mkusanyo mkubwa wa kazi zake uliotolewa mwaka 1623 chini ya usimamizi wa waigizaji wenzake wawili, John Heminges na Henry Condell. Katika chapa hiyo binti wa mfalme Cymbeline anaitwa Imogen tangu mwanzo hadi mwisho. Mtafiti mwenye haraka angeishia hapo na kuandika kwamba jina lilibuniwa na Shakespeare. Hata hivyo, kuna shahidi aliyetangulia chapa hiyo kwa miaka 12. Simon Forman, tabibu na mnajimu wa London, aliitazama tamthilia hiyo ikiigizwa mwaka 1611, mwaka ambao pia alifariki, akaandika muhtasari wa hadithi katika daftari lake. Katika muhtasari huo binti wa mfalme anaitwa Innogen.

Tofauti hiyo ina uzito mkubwa kuliko inavyoonekana, kwa sababu Forman alilipata jina kwa masikio. Aliwasikia waigizaji wakilitamka jukwaani, ilhali mpanga chapa wa mwaka 1623 alilipata kwa macho, kutoka kwenye karatasi iliyoandikwa kwa mkono. Katika miandiko ya wakati huo herufi n iliandikwa kwa vijiti viwili vifupi vilivyosimama, na m kwa vijiti vitatu vya aina ileile. Herufi mbili za n zikifuatana huwa na vijiti vinne, na msomaji aliyechoka au aliyekuwa na nakala chafu angeweza kuviona kama m moja bila ugumu wowote. Kosa la namna hii hufanywa na jicho. Ni vigumu sana kufanywa na sikio.

Ushahidi wa pili unatoka katika tamthilia nyingine ya Shakespeare, Much Ado About Nothing. Chapa yake ya mwaka 1600 ina maelekezo ya jukwaani yanayomtaja Innogen, mke wa Leonato, mhusika anayeingia jukwaani lakini hasemi neno hata moja katika tamthilia nzima. Mume wa binti wa Cymbeline naye anaitwa Posthumus Leonatus. Mwandishi mmoja kuyaunganisha majina Leonato na Innogen mara moja, kisha Leonatus na Imogen mara nyingine, ni jambo gumu kuliita sadfa. Ni rahisi zaidi kuamini kwamba jozi ya majina ilikuwa ileile akilini mwake.

Ushahidi wa tatu ni kitabu alichokisoma. Shakespeare alichukua habari nyingi za wafalme wa kale kutoka katika historia iliyokusanywa na Raphael Holinshed, iliyotolewa mwaka 1577 na kupanuliwa mwaka 1587, na humo Innogen ni mke wa Brute, anayesimuliwa kuwa mfalme wa kwanza wa Britania. Simulizi hiyo yenyewe ni ya zamani zaidi. Inapatikana kwa Kilatini katika kazi ya Geoffrey wa Monmouth ya miaka ya 1130, ambamo mwanamke huyo ni binti wa Pandrasus, mfalme wa Wayunani, na jina lake limeandikwa Ignoge. Kwa hiyo ukoo wa jina unaweza kufuatwa kutoka Ignoge hadi Innogen, na kutoka Innogen hadi Imogen, kwa karne tano za maandishi.

Nimelirefusha suala hili kwa makusudi, kwa sababu linaonyesha kiwango cha ushahidi ambacho mchunguzi anapaswa kukidai. Mashahidi watatu hawa hawakunakiliana: mtazamaji wa maonyesho, mpanga chapa wa tamthilia nyingine, na mwanahistoria aliyetangulia. Wote wanaelekea upande mmoja. Wasomi wengi wamekubali hoja hiyo, na toleo la kazi za Shakespeare lililotolewa na chuo kikuu cha Oxford mwaka 1986 lilichapisha Innogen mahali pa Imogen. Wahariri wengine wamebaki na Imogen kwa hoja kwamba chapa ya 1623 ndiyo pekee tuliyo nayo ya tamthilia hiyo. Kwa upande wangu naona ushahidi wa Innogen umeshinda kwa mbali, lakini mchunguzi mwaminifu atataja pande zote mbili.

Wapo watakaosikitika kusikia kwamba jina zuri lilizaliwa kwa kosa la uchapaji. Sioni sababu ya kusikitika. Tangu wazazi walipoanza kuwapa mabinti zao jina la Imogen, na wenyewe wakaitika, limekuwa jina kamili lenye historia yake, na historia hiyo ni ya kuvutia kuliko maana nyingi za kubuni.

Kupima maana

Sasa ndipo swali la maana linaweza kuulizwa kwa faida. Chukua kila maana unayoikuta na uipime kwa maswali mawili: je, neno linalodaiwa kuwa chanzo linafanana na umbo la kale kabisa la jina, au linafanana na umbo la sasa tu? Na je, kuna andiko linaloonyesha njia iliyopitwa kutoka neno hilo hadi jina?

Orodha nyingi husema Imogen linatokana na neno la Kilatini imago, yaani sura au taswira. Maana hiyo inaanguka kwenye swali la kwanza. Mfanano wa imago na Imogen umo katika herufi m, na m hiyo, kama tulivyoona, inaelekea kuingia kwa bahati mbaya mwaka 1623; katika Innogen na Ignoge hakuna mfanano huo. Nyingine hutaja innocens, neno la Kilatini la asiye na hatia. Hili linakaribia zaidi umbo la Innogen, na huenda watazamaji wa Shakespeare waliusikia mwangwi wake, kwa kuwa binti wa Cymbeline anasingiziwa uzinzi asioufanya. Lakini mwangwi katika tamthilia moja ni kitu kimoja, na chanzo cha jina lililokuwapo karne nyingi kabla ya tamthilia ni kitu kingine.

Maana inayotajwa zaidi katika kamusi ni ile inayolihusisha jina na neno inghean la Kigaeli, lugha ya Ayalandi na Uskoti, yaani binti au msichana. Hii ina mashiko kuliko nyingine kwa upande wa sauti, na ndiyo ningeitaja iwapo ningelazimika kutaja moja. Hata hivyo, inabaki kuwa dhana, na iandikwe kama dhana, kwa sababu katika simulizi ya Geoffrey mwenye jina hilo ni binti wa mfalme wa Wayunani na hakuna chochote katika hadithi kinachomhusisha na Kigaeli.

Mfanano wa sauti peke yake hautoshi kamwe. Katika karne ya 13 aliishi malkia wa Ujerumani aliyeitwa Imagina, mke wa mfalme Adolf wa Nassau aliyeuawa vitani Göllheim mwaka 1298. Anayetaka kumfanya babu wa Imogen awe Imagina atapata mfanano mzuri sana, lakini atashindwa kuonyesha jinsi jina hilo lilivyomfikia Geoffrey, Holinshed au Shakespeare, ambao vitabu vyao tunavyo.

Kuna hatari nyingine ambayo jina Vanessa linaionyesha vizuri, nayo ni kugeuza mpangilio wa matukio. Orodha nyingi husema Vanessa maana yake ni kipepeo. Jina hilo lilibuniwa na mwandishi Jonathan Swift kwa ajili ya rafiki yake Esther Vanhomrigh, kwa kuchukua Van kutoka jina la ukoo na kuongeza sehemu inayotokana na Esther, na likajulikana na umma baada ya shairi lake kuchapishwa mwaka 1726. Mwanasayansi wa wadudu Johan Christian Fabricius aliwapa vipepeo wa jenasi moja jina la Vanessa mwaka 1807, yaani miaka 81 baadaye. Vipepeo ndio walioitwa kwa jina la kike, na anayeandika miaka kando ya kila dai hawezi kudanganyika katika jambo kama hili.

Kupima umaarufu

Umaarufu ni swali la hesabu, na kwa nchi kadhaa hesabu zipo wazi kwa kila mtu. Marekani hutumia maombi ya kadi za hifadhi ya jamii, na taasisi inayohusika hutoa majina ya waliozaliwa nchini humo tangu mwaka 1880. Uingereza na Wales hutoa orodha kamili tangu 1996, pamoja na majina 100 ya juu kwa kila mwaka wa kumi kuanzia 1904 hadi 1994. Jamhuri ya Ayalandi ina takwimu tangu 1964, Uskoti tangu 1974, na Ufaransa tangu 1900.

Kila chanzo kina mipaka ambayo mtu wa majina adimu hana budi kuijua. Orodha ya Marekani huacha jina lililopewa watoto wasiofika watano wa jinsia moja katika mwaka mmoja, na ile ya Uingereza na Wales huacha lisilofika watatu, ili kulinda faragha. Kwa hiyo nafasi tupu haina maana ya sifuri. Inaweza kuwa wasichana wanne. Aidha, namba za hifadhi ya jamii zilianza kutolewa Marekani katika miaka ya 1936 na 1937, na wengi waliozaliwa kabla ya hapo hawakuomba kadi kamwe, jambo linalozifanya takwimu za miaka ya mwanzo kuwa pungufu kuliko vizazi halisi. Mary aliyeongoza mwaka 1880 ana wasichana 7,065 katika orodha hiyo, lakini waliozaliwa na kuitwa hivyo mwaka huo bila shaka walikuwa wengi zaidi.

Usitegemee nafasi peke yake. Nafasi ya kwanza ya Linda mwaka 1947 ilikuwa na zaidi ya asilimia 5 ya wasichana wote waliozaliwa Marekani, ilhali nafasi ya kwanza ya Olivia mwaka 2020 ilikuwa na karibu asilimia 1 tu. Wazazi wa sasa hutawanyika katika majina mengi zaidi, na jina linaloitwa la kwanza leo husikika mara chache kuliko la kwanza la enzi hiyo. Kipimo cha haki ni kiwango: gawa idadi ya wasichana waliopewa jina kwa idadi ya wasichana wote waliozaliwa mwaka huo, kisha zidisha kwa 10,000. Tuchukulie nchi yenye wasichana 300,000 wanaozaliwa kwa mwaka, 30 kati yao wakapewa jina fulani; kiwango ni 1 kwa kila 10,000. Katika nchi yenye wasichana 30,000, kiwango hichohicho kinafikiwa na wasichana watatu tu. Bila hesabu hii nchi mbili haziwezi kulinganishwa.

Jumlisha tahajia kabla ya kutoa hukumu, lakini hifadhi pia hesabu ya kila moja, kwa sababu tofauti zake zina habari ndani yake. Imogene ndilo umbo lililotumika Marekani katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, na mchekeshaji Imogene Coca, aliyezaliwa mwaka 1908, ni mmoja wa waliolibeba, baadaye likafifia. Imogen bila e ya mwisho lilifanya safari nyingine kabisa, likawa miongoni mwa majina 100 ya juu ya Uingereza na Wales katika miaka ya mwanzo ya karne ya 21, wakati Marekani lilikuwa bado geni kwa wengi. Ndiyo maana sipendi kuliita jina adimu bila kutaja nchi na muongo.

Baada ya kuchora mwenendo wa miaka, tafuta sababu, na uwe mgumu kushawishika. Kwa Imogen, jukwaa ni sababu ya kuaminika katika karne ya 19: wasomaji na watazamaji wa wakati huo walimpenda sana binti wa Cymbeline, na mwaka 1896 Ellen Terry alimwigiza katika ukumbi wa Lyceum jijini London. Mpigapicha wa Marekani Imogen Cunningham, aliyezaliwa Portland, Oregon, mwaka 1883, alipewa jina hilo na baba yake kutoka katika tamthilia hiyo. Mwaka 1907 mtunzi wa muziki Gustav Holst alimpata binti aliyeitwa Imogen, ambaye naye alikuja kuwa mtunzi na kondakta. Mifano hii inaonyesha ni katika nyumba za namna gani jina lilipokelewa mwanzoni, yaani nyumba zilizopenda vitabu na sanaa, ingawa mifano michache haiwezi kuchukua nafasi ya takwimu. Kwa karne ya 20 na 21 jihadhari zaidi na mazoea ya kuhusisha kila ongezeko na mtu mashuhuri. Angalia kwanza ongezeko lilianza mwaka gani. Kama lilianza kabla mtu huyo hajajulikana, basi umaarufu wake si chanzo.

Kuandika ulichokipata

Unapoandika matokeo, tenganisha yaliyothibitishwa na maandishi, yanayoelekea kuwa kweli, na yaliyokanushwa, na uweke mwaka kando ya kila dai. Kwa Imogen, kundi la kwanza lina chapa ya 1623, daftari la Forman, chapa ya 1600 na kitabu cha Holinshed. La pili lina kosa la kusoma nn kuwa m pamoja na uhusiano na neno la Kigaeli, na hivi viwili visipewe uzito sawa, kwa kuwa cha kwanza kina ushahidi mwingi na cha pili kina sauti tu. La tatu lina imago. Maana zilizokanushwa zisifutwe. Ziandikwe pamoja na sababu ya kukataliwa, kwa sababu msomaji wako atakutana nazo kwingine na atahitaji kujua kwa nini hazimo kwenye kundi la kwanza.

Kwa takwimu, taja nchi, chanzo, kiwango cha chini cha kuorodheshwa, tahajia ulizozijumlisha na tarehe uliyozichukua. Takwimu za Marekani hutolewa upya kila mwaka, kwa kawaida mwezi Mei, na hata idadi za miaka iliyopita hubadilika kidogo kadiri maombi yaliyochelewa yanavyoingizwa. Anayerudia hesabu yako baada ya miaka miwili anaweza kupata tofauti ndogo, na tarehe uliyoiandika ndiyo itakayomwonyesha imetoka wapi.